Waliokataa Maji ya Ariane

Kichefuchefu kilimwanza Prudence jioni ile Ariane alipomletea habari, na hadi Jumapili hii kilikuwa hakijamwachia. Msimcheke, si mimba. Mwanamke ameshavuka hamsini na mumewe yuko kaburini. Alichokuwa akingoja ni wajukuu. Badala yake binti yake wa pekee alikuja nyumbani kwake Hjulsta, huku Sweden, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kochi bila kuegemea, akasema, "Mama, mimi na Felicia tunafunga ndoa. Kanisani Farsta, mwisho wa mwezi wa tatu."

Prudence aliuliza Felicia yupi, ingawa alimjua vizuri. Felicia ndiye yule msichana wa Kiswidi mwenye nywele fupi aliyekuwa akija kula wali pale nyumbani miaka yote hiyo, akaosha vyombo bila kuambiwa, na Prudence akimsifu kwa majirani kwamba Ariane kapata rafiki mwenye adabu. Rafiki! Mate yalimjaa mdomoni. Akaenda akatema kwenye sinki la jikoni, binti akimwangalia, akarudi akasema, "Mimi huko sitakuja. Hata mniue."

Tena Farsta, kanisa lilelile! Jengo ni la Waswidi, na kanisa la Waswidi huwafungisha ndoa wanawake wawili mchana kweupe, sheria ya nchi ikiwa nyuma yao. Lakini kila Jumapili mchana jengo hilohilo huwa la Waswahili: Warundi, Wakenya, Wakongo wachache, waliolikodi wakawa na ushirika wao. Hapo ndipo mume wa Prudence alipoagwa. Hapo ndipo Prudence alipopata dada na kaka, maana wa kuzaliwa nao waliishia njiani, wengine Burundi, wengine kambini Kigoma. Ukimtoa Prudence kwenye ushirika ule, umembakishia televisheni na dirisha.

Kisha barafu nayo ikamfanyia yake. Aliteleza nje ya kituo cha treni, akaangukia mkono wa kulia, akavunjika kifundo, akafungwa plasta ngumu hadi kwenye kiwiko. Na Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa zamu yake ya kupikia ushirika chakula cha baada ya ibada. Zamu huwa haikataliwi. Mtu akikataa zamu, watasema ana jambo, na Prudence jambo alikuwa nalo kweli.

Ndipo Ariane akaja Jumamosi na ufunguo wake mwenyewe. Hawakusalimiana vizuri. Prudence alikaa kwenye stuli akitoa amri: ongeza chumvi, punguza moto, mawese hayo hayatoshi. Ariane akakanda unga wa chapati kwa kiganja, kama alivyofundishwa akiwa mdogo, mpaka jasho likamtoka puani. Majani ya sombe, yaani kisamvu, alikuwa ameyatafuta Felicia, akazunguka maduka ya Tensta na Kista mpaka akayapata. Prudence alijua, akaendelea kutoa amri. Chapati zilipoisha, Ariane alifunika sufuria kwa kitambaa, akasema kwa Kiswidi kwamba kesho atakuja na gari kuzibeba. Hakutaja harusi.

Ibada ilipokwisha, watu wakiwa bado wanakumbatiana, wazee walimwita Prudence kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi. Walikuwamo Mchungaji Zachariah, Mkenya ambaye siku za kazi ni mhandisi wa kompyuta huko Kista, mkewe Wanjugu, Mzee Onesphore, Mrundi mwenye ndevu nyeupe na kauli ya mwisho, na Mueni, katibu wa ushirika, ambaye alikaa karibu na mlango kama mtu aliyeletwa kwa nguvu.

"Mama Ariane, pole na mkono," alianza Mchungaji.

"Nimeshapoa, Mchungaji."

"Tumesikia habari za ndoa ya Jumamosi ijayo. Hapohapo madhabahuni petu. Mama, ni machukizo."

"Najua. Nimeshamwambia sitakwenda."

"Kutokwenda hakutoshi," Wanjugu alidakia. "Watu wanasema mama yake alijua siku zote. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo."

Prudence alihisi uso unamwaka. Mueni akakohoa kidogo. "Mimi nauliza tu. Kama shida ni madhabahu, mbona hatuendi kwa kasisi atakayewafungisha? Yule mama wa Kiswidi yuko hapo jikoni. Ametutengenezea kahawa, ametuletea na mikate yake ya mdalasini. Mzee, wewe umeshakula miwili."

Mzee Onesphore alipangusa sukari kwenye ndevu. "Yule tusimguse. Sisi hapa ni wapangaji. Uliona wapi mpangaji akimwamrisha mwenye nyumba? Akitutoa tutaimba wapi, msituni?"

"Kwa hiyo mwenye nyumba tumchekee, mjane tumkanyage?"

"Dada, usikuze mambo," alisema Mchungaji kwa sauti ya upole ambayo Prudence siku zote aliipenda, ila leo ilimteleza masikioni kama mafuta yaliyokwisha kuchacha. "Serikali ina sheria zake, siziingilii. Kila mtu Sweden ana haki ya kumwoa amtakaye. Na sisi tuna haki ya kusema hapana, kwa imani yetu. Haki ni haki, yao na yetu."

"Sawa kabisa," Mueni akasema. "Basi kaisemeni hiyo hapana mbele ya mtu anayeweza kuwajibu."

Mchungaji akageuka kwa Prudence, akamweleza shauri walilokwisha kukata. Baada ya chakula, kabla ya baraka ya mwisho, angesimama mbele ya wote aseme kwamba Ariane si mtoto wake tena mpaka atakapotubu. Asiposema, ushirika utampumzisha: hana zamu, hana kwaya, hana wa kumtembelea. Alisema "kumpumzisha" kama mtu anayekutandikia kitanda.

"Na akishamkana," Mueni aliuliza, "sisi tutamwitaje? Maana sote humu hatumwiti jina jingine ila Mama Ariane."

Mzee Onesphore alitazama saa yake, akasema sombe inapoa.

Ebo! Mzee huyu mwenyewe ana mke Farsta na mke mwingine Kigoma, na kote anaitwa baba, na hajapumzishwa hata Jumapili moja. Nyani haoni kundule. Lakini Prudence hakuyasema hayo. Alisema tu, "Nimesikia," nao wakalichukua kuwa ndiyo. Mwenyewe hakujua kama ni ndiyo. Alijua tu kwamba bila watu hawa hana mtu.

Ukumbini meza zilikuwa zimeshapangwa, na Ariane alikuwa amesimama pale anaposimama siku zote, na birika la bluu mkono mmoja, beseni mkono mwingine, taulo begani. Ukumbi ule una bomba la maji moto na sabuni ya kunukia, kama majengo yote ya nchi hii. Lakini Waswahili wa Farsta hawanawi bombani siku ya Jumapili. Maji ya bomba ni ya kutoa uchafu. Maji ya birika ni ya kukaribishana. Ariane alianza kuwanawisha akiwa na miaka tisa, beseni likimzidi kifua, na wazee walikuwa wakimbariki kila akiwamwagia: ukue, mama, uolewe, uzae. Alikua hadi akawa nesi, na akiwa hayuko zamu hospitalini bado alikuja kuwanawisha.

"Karibuni tunawe," Ariane alisema, akapiga goti kidogo mbele ya Mzee Onesphore.

Mzee aliyatazama maji. Akaitazama mikono iliyoshika birika. Kisha akazunguka, akaenda zake chooni. Wanjugu akamfuata. Mchungaji akamfuata mkewe, na nyuma yao wakaenda watu wazima na akili zao, mmoja baada ya mwingine, wakapanga foleni mlangoni mwa choo, kila mmoja akijifanya anaongea na mwenzake. Ukumbi ulijaa sauti ya kile kimashine cha kukaushia mikono. Loo! Watu waliona bora wakanawe kando ya shimo la choo kuliko kumwagiwa maji safi na yule binti. Prudence aliwaona wakirudi mmoja mmoja, mikono mitakatifu imeinuliwa mbele ya kifua, akasikia kinyaa kinampanda kama siku ile ya sinki, ila leo hakikuwa kinaelekea kwa Ariane.

Mueni tu ndiye aliyenawa kwenye beseni. Ariane akabaki amesimama na birika zito, anaangalia sakafu.

Na walivyokula sasa! Ungedhani wamefungua mfungo. Chapati zilikuwa laini, zimeachana tabaka kwa tabaka, na sombe ilikuwa na karanga na mawese ya kutosha. Mzee Onesphore alichana chapati ya tatu, akaichovya, akafumba macho.

"Mama Ariane," akasema mdomo umejaa, "hapa umejua kutuua. Sijala sombe ya hivi tangu nyumbani."

"Na chapati!" Wanjugu akaongeza, akijilamba kidole. "Nipe siri, dada. Unakandaje?"

Prudence alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Wote walikuwa wamempa pole ya mkono. Wote walikuwa wameiona plasta, nene, nyeupe, inaning'inia shingoni kwa kitambaa, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mwanamke wa hali hiyo alikanda unga wa watu wote hawa kwa kutumia nini. Aliinua plasta akaiweka mezani katikati ya sahani.

"Sijakanda mimi," akasema. "Nimekanda na hii? Amekanda Ariane. Kwa mikono yake, jana kutwa. Sombe ametwanga yeye, na majani katafuta Felicia."

Taya zikasimama. Kila mtu na tonge lake mdomoni, hajui alipeleke wapi. Mchungaji aliweka chini kipande chake taratibu, akakifunika na kingine. Mzee Onesphore aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akameza, kisha mkono wake ukarudi kwenye chapati wenyewe. Njaa haina imani. Lakini Wanjugu alichukua karatasi ya mezani, akaikunjua mbele ya mdomo, akatema. Tonge la kijani lililotafunwa nusu. Akalifunga vizuri, akaliweka pembeni mwa meza, hatua chache kutoka pale Ariane aliposimama. Ariane aliliona. Alikuwa amekodoa macho kama mtoto aliyepigwa kofi na mtu anayempenda.

Prudence aliyajua macho hayo. Alikuwa ameyaona jikoni kwake Hjulsta, jioni ile alipotoka kutema kwenye sinki, na hakuyajali. Hivi ndivyo ninavyoonekana, aliwaza. Hivi, na karatasi yangu mkononi, na mdomo wangu safi.

Mchungaji akakohoa. "Nadhani ni wakati, ndugu zangu. Mama Ariane ana neno kwetu. Karibu, Mama Ariane."

Prudence alisimama. Alitaka kulia, lakini hasira ilimshika mgongo, ikamnyoosha.

"Mmeniita Mama Ariane tangu mnijue," akasema. "Na leo mmenitaka niseme kwamba Ariane si wangu. Mchungaji, ile ndoa mimi siielewi. Nisiwadanganye. Biblia yangu sijaichana, naisoma kila usiku, na nikifika kwa Mungu nitamuuliza mwenyewe. Lakini mmemkimbia mtoto huyu mkanawa chooni, kisha mkaja mkala jasho lake mkaomba na siri ya kukanda. Kasisi anayewafungisha mmemnywea kahawa yake na kumchekea. Mtu wa kumtemea mmempata kwangu. Mnanitia kinyaa. Wallahi, mnanitia kinyaa!" Alikuwa Mkristo tangu utoto, ila kambini Kigoma majirani walikuwa Waislamu, na kiapo kile kilimtoka chenyewe.

"Mama Ariane, punguza jazba," alisema Mchungaji.

"Sipunguzi. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nilidhani nyie mmekuwa wa kuzaliwa nami. Kumbe mlikuwa wa kula."

Akatoka nyuma ya meza. Ukumbi ule si mkubwa, lakini ulimchukua muda kuuvuka, watu wakivuta viti kumpisha kama anayebeba ugonjwa. Akasimama mbele ya binti yake. Mkono wake mzima, wa kushoto, akaunyoosha juu ya beseni.

"Nimwagie," akasema.

Ariane alijaribu kuinua birika, likamlemea, maji mengine yakamwagikia plasta ya mama yake na mengine viatuni. Prudence hakuutoa mkono. Mtu hawezi kunawa mkono mmoja peke yake, kwa hiyo Ariane akaweka birika chini na beseni mezani, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akauosha, kidole kwa kidole, kama anavyowaosha wagonjwa wake. Akaufuta kwa taulo. Machozi yalikuwa yanamdondoka ndani ya beseni, na chooni mtu fulani alikuwa ameiwasha tena ile mashine.

"Jumamosi ni saa ngapi?" Prudence aliuliza.

Ariane alijibu kwa Kiswidi. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Saa nane mchana, Mama."

"Basi Ijumaa uje mapema, na huyo Felicia wako umlete. Chapati za wageni wenu wote wa harusi nani atazikanda? Mkono wenyewe si unauona."