Swali Lililobandikwa

Kazi ya binti mwanagenzi pale redioni ilikuwa kubeba. Kubeba kinasa sauti, kubeba nyaya, kubeba chai ya wakubwa na lawama zao. Mahojiano alikwenda kuyafanya yeye juani. Kisha mtangazaji mkuu, ambaye wasikilizaji walimwita Sauti ya Asali, anakaa kwenye kiyoyozi, anakata sauti ya binti na kubandika yake akiuliza maswali yale yale, mradi aonekane alikuwepo. Alikuwepo wapi, jamani? Vumbi lenyewe halimjui! Lakini ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile, na binti alimeza hasira akanyamaza.

Soko lilipoungua alfajiri, alikwenda kumhoji shangazi yake, aliyemlea, na ambaye kibanda chake cha vitambaa kilikuwa kimebaki majivu. Shangazi hakutaka.

"Nyie watu wa redio mna mambo."

"Shangazi, si ni mimi?"

"Haya, kwa kuwa ni wewe."

Binti akauliza, "Nani aliingia kwenye moto kuwatoa watu?"

Shangazi akajibu huku analia, "Ni mlinzi. Mlinzi peke yake, hakuna mwingine."

Mlinzi mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, mikono yote miwili imefungwa bandeji, jirani akimnywesha maji.

Mchana binti alikuwa jikoni anaosha vikombe vya wakubwa, redio imewashwa. Akamsikia Sauti ya Asali akiuliza kwa ule uzito wake wa kujitakia, "Mama, nani unayemlaumu kwa moto huu?" Na shangazi, kwa machozi yale yale, "Ni mlinzi. Mlinzi peke yake, hakuna mwingine."

Loo! Binti aliacha bomba linamwagika, akaingia ofisini bila kubisha hodi.

"Umebadilisha swali langu!"

"Nimeliboresha. Lako lilikuwa limepoa. Moto usio na mkosaji nani atausikiliza?"

"Yule ndiye aliyeokoa watu! Watamuua!"

"Acha kukuza mambo, mtoto wewe. Kila nikilalamikiwa nikiri kosa, nitabaki na jina gani?"

Simu ya binti ikaita. Ni shangazi.

"Mwanangu, umenifanya nini? Wamemvamia. Wamempiga akiwa na mikono yake ile ile ya vidonda. Polisi wamemchukua, na mkewe amekuja kunitemea mate mlangoni. Nimemkosea nini mimi?"

Binti akaishusha simu. Sauti ya Asali alimtazama, akaona sura ile si ya mtu wa kunyamaza leo. Akavuta karatasi, akamsukumia.

"Si unataka kusikika? Haya, habari za jioni soma wewe. Tusisumbuane."

Habari ya kwanza ilikuwa mlinzi wa soko kushikiliwa kwa tuhuma za moto. Nafasi aliyoiota tangu utotoni, akijifungia chumbani kuusomea ukuta habari, leo anapewa kama mtoto anavyopewa peremende aache kulia. Binti aliichukua karatasi.

Jioni taa nyekundu ya studio ikawaka. Binti akaikunjakunja karatasi.

"Mlinzi wa soko hana kosa," alisema. "Mama mliyemsikia mchana nilimhoji mimi. Nilimuuliza nani aliingia kwenye moto kuwatoa watu, akasema ni mlinzi. Lile swali la lawama limebandikwa hapa ofisini. Hakuulizwa kamwe."

Sauti ya Asali alikuwa anapiga kioo kwa ngumi, anamwamuru fundi mitambo akate matangazo. Fundi alimwangalia, kisha akakunja mikono kifuani. Binti akarudia yote tangu mwanzo, polepole, mpaka Sauti ya Asali alipoingia mwenyewe na kung'oa waya.

Alisukumwa nje na mkoba wake ukatupwa nyuma yake. Hata hakuuokota kwanza, alimpigia shangazi.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu. Lakini nani mwingine anasikiliza redio saa hizi? Ile ya mchana imejaa kwenye simu zao, wanatumiana. Wamezingira kituo cha polisi, wanataka wakabidhiwe mlinzi."

"Nakuja."

"Usije! Watakurarua na wewe!"

"Wanirarue, Shangazi. Lakini watanisikiliza kwanza," alisema, na alikuwa ameshaanza kukimbia.