Geji Mpya na Pua ya Mama Mpishi

Geji ya joto kwenye gari la Mzee Taratibu ilikufa zamani, wala hakuna aliyeilia. Ya nini kuililia, na pua ya mkewe ipo? Mama Mpishi alipikia shule ya bweni mpaka akastaafu, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, na pua yake ilikuwa ikijua wali unaotaka kuungua kabla wali wenyewe haujajua. Pua hiyo hiyo ndiyo iliyohamia kwenye gari. Atakaa mbele, mkoba mapajani, umbeya umenoga, mara atanyamaza ghafla, atanusa, kisha atasema, "Simama." Mzee anasimama, anafungua boneti, na kweli, rejeta imeanza kuchemka. Wanangoja ipoe, wanaongeza maji, wanaondoka na umbeya unaendelea pale pale ulipokatikia.

Sasa niambieni, mtu mwenye neema kama hiyo anatafuta nini tena? Lakini mwanamume aliyeendesha mabasi maisha yake yote, akishastaafu, kila kitu hukiona ni amri. (Jina la Taratibu alipewa na wenzake, maana hata mikokoteni ilikuwa ikimpita.) Siku moja wakipita kituo cha mafuta, mbele ya madereva wa zamani, Mama Mpishi akasema "Simama" kwa sauti yake ya jikoni, ile ya kuita bweni zima lije kula. Mmoja wa wale madereva akaangua kicheko.

"Taratibu! Kumbe siku hizi wewe ni tanboi wa mkeo!"

Neno lilimchoma: dereva mzima kuitwa utingo! Hazikupita siku nyingi. Akarudi nyumbani na kiboksi, na ndani yake mna geji mpya ya duara, uso mweusi, mshale mwekundu, imezungukwa na taa ya buluu.

"Hii," akasema, akiishika kwa vidole viwili, "haina haja ya kunusa."

Mama Mpishi akaitazama juu mpaka chini. "Inakula nini?"

"Umeme kidogo tu."

"Na kupika je, inapika?"

"Mke wangu, hii ni geji."

"Naona ni geji. Umeniletea mke mwenza, tena mdogo, tena anawaka taa."

Alilisema kwa kicheko na mumewe naye akacheka, lakini moyoni Mama Mpishi alikuwa ameumia. Tangu watoto watoke nyumbani, kile kiti cha mbele ndicho mahali pekee mumewe alipomsikiliza bila ubishi. Sebuleni neno lake lilijadiliwa, likapingwa, likaahirishwa. Ndani ya gari neno lake moja lilisimamisha mzigo mzima wa chuma. Leo hiyo kazi apewe kitu cha dukani?

Fundi wa umeme wa magari alifika asubuhi. Watu walimwita Waya, kwa kuwa hata akienda msibani mfukoni mwake hamkosi vipande vya waya. Mama Mpishi akaweka kigoda mlangoni, akashika ungo wa mchele, akajitia anachambua. Waya na mzee walifungua skrubu za dashibodi, wakakivuta kile kibao chote cha nyuma ya usukani, chenye kipimo cha mwendo na kipimo cha mafuta, kikatoka na nyaya zake kama matumbo ya kuku. Pembeni mwa kibao kulikuwa na saa iliyokufa. Saa ikang'olewa, ili geji ikae mahali pake.

Tundu likawa dogo. Waya akapiga tupa, mzee akajaribu, haiingii. Waya akapiga tena tupa, mzee akajaribu tena. Safari hii geji iliingia, ikapitiliza, ikaangukia ndani kwa ndani.

"Sasa hapo mtaweka geji au bakuli?" Mama Mpishi akauliza kutoka mlangoni.

"Mama, ufundi una hatua zake," akajibu Waya, mkono wote umezama ndani ya dashibodi. Wakaivua geji, wakaizungushia utepe mweusi mpaka ikanenepa, wakaishindilia. Ikakaa. Upande mmoja kidogo, lakini ikakaa.

Kisha wakahamia chini ya boneti. Waya akaukata mpira wa juu wa rejeta, akachomeka katikati yake kipande cha bomba chenye sensa. Hiyo sensa, alieleza, ndiyo inayogusa maji ya moto na kupeleka habari kwenye mshale. Kila upande wa bomba mpira hubanwa kwa klipu. Waya akakaza klipu ya kwanza mpaka meno yakaonekana. Alipotaka kukaza ya pili, mzee akampokonya bisibisi.

"Hii niachie. Gari langu, mkono wangu."

"Lakini kaza sana, mzee."

"Taratibu, bwana. Ukikamia utakata mpira." Akakaza polepole, kwa huruma, kama anayemfunga kifungo mtoto mchanga. Mama Mpishi aliona. Aliona vizuri sana, akarudisha macho kwenye mchele.

Walipomaliza, skrubu zilikuwa zimebaki kwenye sahani.

"Na hizi?" akauliza Mama Mpishi.

"Za ziada hizo," akasema Waya bila kupepesa jicho. "Kiwandani huwa wanaweka nyingi."

Injini ikawashwa. Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukafika katikati, ukatulia. Wanaume wale wawili wakapeana mikono kama waliooleana watoto. Mzee akajaribu taa zote, na alipowasha indiketa ya kushoto, honi ikalia.

"Hiyo ni kasoro ndogo," akasema Waya, akikusanya vifaa vyake kwa haraka ya ajabu. "Usikate kushoto mara kwa mara."

Halikupita juma, habari njema ikaja: binti yao, anayeishi juu mlimani, amejifungua salama. Mama Mpishi akafunga kikapu chake cha nguo za mtoto, akakibeba kwa mikono miwili kama kina mawe, akafungua mlango wa mbele wa gari. Mzee tayari alikuwa kwenye usukani, taa ya buluu inamwakia kidevuni.

"Leo pumzika, mama watoto," akasema kwa ukarimu mkubwa. "Lala njia nzima. Nikikuhitaji nitakuuliza."

Mama Mpishi akaufunga ule mlango. Akafungua wa nyuma, akaketi na kikapu chake.

"Mbona huko?"

"Abiria hukaa nyuma. Na nakwambia kabisa, baba watoto: sifungui mdomo mpaka uniulize. Tukifika bila kuniuliza, basi gari hili sipandi tena. Mabasi yapo."

Alitamani aambiwe, "Acha hizo, njoo mbele." Mzee akawasha gari. "Haya, tutaona," akasema, na wakakata kushoto kutoka nyumbani huku honi ikipasua mtaa.

"Katikati!" mzee akatangaza walipotoka mjini. "Unauona mshale ulivyotulia?" Kimya. Akasimulia habari za jirani aliyejenga ukuta ukamfungia nje ng'ombe wake mwenyewe. Siku nyingine Mama Mpishi angemdai habari ya mke wa jirani, na ya ng'ombe, na ya fundi. Leo alimeza mate, akatazama dirishani. Umbeya usiojibiwa si umbeya, ni matangazo ya kifo. Mzee akajaribu kuimba.

Mlima ulipoanza, pua ikaamka.

Kwanza ilikuja harufu ya mpira wa moto. Kisha ya chuma. Kisha utamu-utamu wa ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, harufu ambayo Mama Mpishi angeitambua hata akiwa usingizini na mafua. Neno likampanda kooni. Akalibana kwa meno.

"Ajabu!" mzee akapaza sauti. "Mshale unashuka! Tunapanda mlima na gari linapoa! Umewahi kuona wapi?"

Mama Mpishi akatoa leso, akaziba pua. Lakini la kuvunda halina ubani. Harufu ilipita kwenye leso kama haipo. Akisema, mumewe atajibu, "Nilikuuliza?" na kweli hakumuuliza. Asiposema, injini itakufa hapa hapa mlimani, na yeye atakuwa ameshinda. Atakuwa ameshinda nini? Atakuwa amemshinda mzee aliyesimama kando ya barabara na ule uso wake wa mtoto aliyevunja sahani. Aliupenda uso ule, ndiyo balaa yenyewe. Injini nayo ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kama mgeni anayeona aibu kubisha hodi.

Basi, liwalo na liwe. Akaitoa leso puani, akavuta pumzi aseme.

Wimbo wa mbele ukakatika. Kwenye kioo macho ya mumewe yalikuwa yakimtafuta.

"Mama watoto," akasema mzee, sauti imepungua kabisa. "Mshale unasema baridi. Wewe unasemaje?"

"SIMAMA!"

Lilitoka na uchungu wa njia nzima. Hata mbuzi waliokuwa wakivuka barabara walisimama.

Boneti ilipofunguliwa, mvuke uliwafunika wote wawili. Ulipotawanyika, mambo yakawa wazi. Klipu ya Waya ilikuwa kavu, imebana. Ile ya mzee ilizunguka kwa kidole, mpira umechomoka nusu, na maji yote yamemwagika mlimani kote. Sensa ilikuwa imebaki hewani haina maji ya kugusa, ndiyo maana mshale ukashuka. Haikudanganya, maskini. Iliulizwa habari ya maji, na maji hayapo.

Mzee akasimama pale na ule uso wake wa kuvunja sahani.

Mama Mpishi akarudi kwenye kikapu, akazifunua nguo za mtoto. Chini yake kulikuwa na dumu la maji, limejaa hadi shingoni.

"Ulijua itavuja?"

"Nilikuona unavyokaza."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Walikaa kwenye jiwe, bega kwa bega, wakangoja injini ipoe, na mke akaulizia ile habari ya ng'ombe na ukuta, yote, kuanzia mwanzo. Ilipopoa, mzee akaurudisha mpira, akaikaza ile klipu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wakajaza maji. Kisha akaingia ndani na bisibisi, akaielekeza kwenye dashibodi.

"Namng'oa huyu."

"Mwache!" Mama Mpishi akamshika mkono. "Mke mwenza hafukuzwi juma la kwanza. Ila ajue mkubwa ni nani."

Mzee akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akakipangusa kiti kwa mkono wa shati lake. Kitu hicho hakukifanya hata siku ya harusi yao. Wakaondoka. Mshale ukapanda, ukafika katikati.

"Unasema katikati," akasema. "Na wewe?"

Mama Mpishi akanusa, hana haraka. "Katikati."

Kwenye njia ya kwa binti yao ilibidi kukata kushoto. Honi ikalia kona nzima, kuku wakatawanyika, na binti akatoka mlangoni na kichanga kifuani.

"Baba! Honi yote hiyo ya nini? Mtoto amelala!"

"Mwamshe," akasema Mzee Taratibu. "Bibi yake amekuja, tena amekaa mbele."