Kibodi ya Mtumba

Fundi alikuwa hoi. Kutwa nzima alishinda na kompyuta mbovu za watu, na sasa yuko sebuleni kwa wazazi wake, anaweka mfumo wa Linux kwenye mashine ambayo wenzake wangeshaitupa. Programu ikamuuliza kibodi ni ya mpangilio gani. Akaiangalia: mtumba wa baba, ya Kifaransa, A imekalia kiti cha Q. Akachagua Kifaransa, akamaliza, akamwita mama.

Mama alikuwa mpiga chapa kwa taipureta za Kiingereza hadi alipostaafu, na hatazami vitufe. Akaandika "habari" huku akichungulia dirishani. Ikatoka "hqbqri".

"Mwanangu, hii imelewa."

Fundi akabadili, akaweka mpangilio wa Kiingereza. Mama akaporomosha barua nzima bila kosa. Ndipo akaketi baba, ambaye huandika kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa, macho kwenye vitufe. Akabonyeza A, ikatoka Q.

"Umeiharibu!"

"Baba, mama haangalii. Wewe unaangalia."

"Kumbe kuangalia ndilo kosa?"

Fundi akashusha pumzi. Akachukua kisu cha mezani, akabandua vitufe vilivyokaa kombo, akavipachika upya, kila kimoja pale vidole vya mama vinapokitarajia. Baba akabonyeza A. Ikatoka A.

"Si ungeanza na hilo," akasema, "badala ya kutuzungusha jioni nzima?"

Fundi alikuwa ameshalala kitini, kisu mkononi.