Salala Yenye Usukani Kulia

"Nambie basi, mama Safwan, tangu lini gari za Salala zina usukani kulia?"

Mahbuba kaielekeza simu usoni kwa mwenziwe kama polisi anayeonyesha picha ya mtuhumiwa. Upande wa pili wa ukuta Masouda kasimama na sahani ya vitumbua, haendi mbele wala harudi nyuma. Baina yao, kwenye mlango mdogo wa ukutani, fundi wa Kibangali anapanga matofali kuuziba, taratibu, maana analipwa kwa siku.

"Gari ya kukodi hiyo," Masouda akasema.

"Imekodiwa wapi, Unguja?"

"Simu nyengine hugeuza picha, Mahbuba. Kushoto ikawa kulia."

"Na kondoo je, simu ndiyo iliyowapaka buluu matakoni? Salala nimekwenda kabla hujaolewa. Sijaona kondoo wa namna hii."

Fundi akabandika tofali jengine. Mstari wa kwanza ulishakamilika, wa pili ndio huo unaanza.

Mlango ule ulitobolewa mwaka zilipojengwa nyumba hizi mbili hapa Mabela, Maskati. Waliutoboa Thabit, mume wa Masouda, na marehemu mume wa Mahbuba, ili wake zao wasiwe wanavaa buibui na kuzunguka njia nzima kwa ajili ya kuazimana chumvi. Tangu hapo umepitisha kila kitu: samaki wa Qantab, mikate ya ajemi, watoto wenye homa, na habari za mtaa mzima zikiwa bado zinatoka moshi. Mimi nakaa nyumba ya tatu, na asubuhi ile nilikuwa nimekuja kwa Mahbuba kurudisha sufuria yake. Ilikuwa bado imo mkononi. Nani angekwenda kuiweka jikoni mambo yakiwa pale?

Kisa chenyewe ni hiki. Masouda anaogopa jicho kuliko anavyoogopa presha. Thabit alipostaafu wizarani, kule Al Khuwair, mwanawao Safwan aliwakatia tiketi za kwenda Ayalandi. Masouda akaona mtaa ukijua, ndege haitaruka. Kwa hiyo akatangaza wanakwenda Salala, humu humu nchini, kuona kharif, ile mvua ya manyunyu inayowapandisha watu wa Maskati magari kila msimu wa joto. Nani atamhusudu mtu wa Salala? Akawa anatuma picha: ukungu, majani, ng'ombe barabarani. Sisi tunajibu mashallah, Salala mwaka huu imependeza. Waliporudi akamletea Mahbuba ubani wa Salala, kaununua hapa hapa sokoni Matrah. Mie nikapewa ndizi.

Angenyamaza hapo, tungekufa bila kujua. Lakini juzi alirusha kipande cha video, Thabit yumo garini, kashika usukani upande si wake.

"Haya, Ayalandi," Masouda akasema. "Umeridhika?"

"Sijaridhika. Nilikukaangia buni kwa mkono wangu, nikaitia hiliki, nikakufungia kwenye kopo, ukanywe Salala. Nikakuombea dua ya safari kila baada ya sala. Dua yangu iko Salala inazunguka, nyinyi mko Ayalandi. Ndege ingeanguka, ningekuwa nimemwombea nani?"

Thabit akatokeza nyuma yake, kikoi na fulana, kikombe mkononi.

"Nilimwambia tuage," akasema.

"Wewe ulisema tuage? Wewe ulisema nani atamwagilia mkungu?" Masouda akamgeukia.

"Nilisema vyote viwili."

"Sadiki," Mahbuba akamwambia fundi, "yalla, yalla." Fundi akachota saruji.

Masouda akaliangalia lile tofali linavyokaa. Akaiweka sahani juu ya ukuta.

"Bora uzibe," akasema. "Lakini ujue tu kuwa Mungu kashanilipa. Safari nzima nimeona mambo, na sina wa kumhadithia. Nimebaki nayo tumboni kama mimba ya punda. Siku moja hasa, ile ya mvua, nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni, Thabit anadhani nimerogwa."

Mahbuba akajifanya anakagua matofali. Lakini mimi namjua, sikio lake la kulia lilishageuka.

"Mvua ya namna gani?" nikauliza mie, maana mtu akiona moto unazima lazima atie kuni.

"Mvua ya kuanzia alfajiri. Tumepanga kwenda kuona ngome, kisha majabali ya baharini ambayo dunia nzima inakwenda kuyaona. Huyu bwana kila tukitaka kuondoka anafungua mlango wa kushoto, anakaa, anautafuta usukani. Ananiona mie nimesimama nje. Anashuka, anazunguka, anarowa. Siku nzima. Ukimtazama utasema anatufu hiyo gari kama mwenye kuhiji."

"Astaghfirullah," akasema Thabit, huku anacheka.

"Ngomeni kuna binti anayetembeza wageni. Kitu cha mwanzo anachotwambia ni samahani kwa mvua. Anaomba radhi! Sisi huku tunatoka uwanjani kuswali tupate mvua, yeye anaiombea msamaha kama mtoto kavunja gilasi. Nikamwambia Thabit, huyu hajui anachokufuru."

Mahbuba alikohoa. Kile hakikuwa kikohozi.

"Na majabali?" nikauliza.

"Ukungu. Hatukuona hata vidole vya miguu. Pana ubao wenye picha ya kile ambacho ungekiona ungekuwa na bahati. Thabit akaupiga picha ubao."

"Umetoka vizuri," Thabit akasema.

"Tukagombana. Nikamwambia hili ni jicho. Akanambia jicho la nani, na hakuna anayejua kama tuko huku? Tukarudi garini tumenuna. Sasa njiani, kwenye vijumba vya mashamba, tukakuta maji yanavuka barabara."

"Wadi imeshuka, bonde limejaa?" Mahbuba akauliza, na papo hapo akajutia kuuliza.

"Mtaro, mwenzangu. Mtaro umejaa. Lakini huyu alivyoyaona maji, macho yakamwaka. Akaegesha gari, akatoa mkeka. Tukakaa chini ya mlango wa nyuma ulioinuliwa, tukatoa tende, tukatoa birika, tukaangalia maji kama tuko kwetu siku ya mvua. Na birikani mna buni yako. Nilipomimina harufu ya hiliki ikatoka, wallahi nikamwambia Thabit, Mahbuba angekuwapo hapa angesema maji haya machache."

Mahbuba aliinamisha uso akatazama mstari wa pili wa matofali. Fundi alikuwa na tofali mkononi, anasubiri amri.

"Sadiki," Mahbuba akasema, "shwaya."

Fundi akalipumzisha tofali kwenye goti.

"Akatoka mzee nyumba ya pili," Masouda akaendelea, sauti imeshapanda, mikono nayo imeingia kazini. "Mabuti mpaka magotini. Anadhani tumeharibikiwa na gari. Thabit akamwambia hapana, tunaangalia maji. Mzee akayaangalia maji. Akatuangalia sisi. Akayaangalia tena, labda kuna kitu miaka yote hajakiona. Basi tukamkaribisha kahawa."

"Kwenye finjani?"

"Kwenye finjani. Akanywa. Thabit akamimina. Akanywa. Thabit akamimina."

"Hakutikisa kikombe, kusema basi katosheka?" Mahbuba akauliza.

"Ataujulia wapi mtikiso? Anakirudisha kikombe, ametulia kama jiwe. Huyu naye anasema mgeni hajatosheka, anamimina. Mzee kakunja uso, uchungu wa kahawa unamtoa machozi, lakini ana adabu, anakunywa. Hataki kutuvunjia heshima, na sisi hatutaki kumvunjia yeye. Mvua inapiga."

"Na hamkumwambia?"

"Kwa Kiingereza cha wizarani? Thabit anajua kusema mkutano umeahirishwa. Kutikisa finjani hakumo."

Mahbuba kashika mdomo. Mabega yanamtetemeka.

"Kopo zima, Mahbuba. Buni yako yote, alikunywa mzee wa Ayalandi kwa heshima. Akawa mikono inamtetemeka, anaongea haraka haraka, anatuonyesha kila nyumba ni ya nani na nani hasemi na nani. Mtaa mzima tukaujua. Ndipo mkewe akatoka kumtafuta, mwavuli mkononi, uso umemwiva. Akatukuta mkekani, watu watatu, akamtazama mumewe, akasema..."

Masouda akaichukua sahani yake ya vitumbua juu ya ukuta.

"Akasema nini?" Mahbuba akauliza.

"Ah, mlango unazibwa. Usimcheleweshe fundi."

"Masouda, akasema nini?"

"Ni maneno marefu. Yana na vitendo vyake. Hayahadithiwi mtu kasimama juani."

Walitazamana. Fundi alimtazama mmoja, akamtazama mwengine, kisha akaliweka tofali chini, polepole.

"Safari nyengine ukienda hata hapo Sib kununua samaki, utaniaga," Mahbuba akasema.

"Ntakuaga."

"Na ubani wako wa Matrah nimeutia chooni."

"Ndipo mahala pake."

Mahbuba akalisukuma karai la saruji kwa mguu.

"Inua nguo hiyo, uruke. Wali wa nazi ushaiva, na papa yuko mezani. Bwana Thabit, na wewe, usijifanye una kazi. Na wewe hapo mwenye sufuria, ulijua mchana utakukuta hapa. Sadiki, wacha hayo matofali, nawa mikono. Ingieni mle."