Ukuta wa Futi

Futi alisimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi, akautazama ule ukuta mweupe kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa akakuta kitanda kimetandikwa upya.

"Mama," akasema, "umelipaka rangi daftari langu."

Nilikuwa nimeupaka mwenyewe, jioni iliyotangulia, washonaji walipokwisha kuondoka. Jumatatu walikuwa wanakuja wakaguzi wa kampuni kubwa ya sare iliyotaka kuinunua karakana yetu. Bila wao tungefunga. Cherehani zilikuwa zimechoka, na washonaji tisa wangerudi kukaa nyumbani. Mimi ndiye msimamizi, nina stashahada ya biashara. Nikasugua sakafu, nikapanga mafaili, nikafuta yale madoa nyuma ya meza ya kukatia.

Madoa! Ilikuwa miaka kumi na minane ya penseli ya Futi, vipimo vya kila shule na kila hospitali tuliyoishonea. Tulimwita Futi kwa sababu hakuwahi kushika futi ya kupimia. Akikutazama tu, shati limekukaa. Nami nilipita pale kila siku nikaona uchafu.

"Bado unavyo vipimo kichwani, tuvichore kwenye karatasi?" nikamwuliza.

"Ninavyo. Lakini vikitoka kichwani vikaingia kwenye karatasi, hao wageni wako watanitaka wa nini?"

Sijui kubembeleza. "Sijui," nikasema. "Ila jina lako litakuwa juu ya kila karatasi, na nitawaambia haziendi bila mwenyewe. Wakikataa, tunafunga sote."

Akaimaliza chai yake taratibu.

"Haya, lete karatasi za kaki. Na hata kupaka rangi hujui. Ona kona ile."

Washonaji wakaangua kicheko, nami nikajua tumepona nusu.

Siku tatu alifumba macho akisema, sisi tukichora na kukata.

"Shule ya kilimani?"

"Wale mikono mirefu. Ongeza vidole viwili, wanarusha mawe sana."

Jumatatu, mmoja wa wakaguzi, mama wa miwani, aliyapita mafaili yangu bila kuyagusa. Akasimama mbele ya zile karatasi zilizoning'inia misumarini.

"Nani amekata hizi?"

Futi akampima kwa macho, juu mpaka chini. "Bega lako la kushoto limeshuka kidogo," akamwambia, "na hilo koti linakudanganya."

Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama akavua koti, akaliweka mezani.

"Hebu lifundishe kusema kweli," akasema.

Sasa ni mwaka wa sita tangu watununue. Tuko kwenye jengo lao kubwa, washonaji wote tisa, na Futi ana wanafunzi kumi na wawili wanaobeba futi shingoni kwa aibu. Nyuma ya meza yake ukuta umejaa penseli tena. Kila mwaka wapaka rangi wakija na ndoo zao, mimi ndiye ninayesimama mbele ya ukuta huo.