Mashine Mpya kwa Kuukuu

Kamba ya kuwashia ilirudi tena bila jibu. Shemeji akaitoa plagi, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaipuliza, akairudisha na kuvuta upya. Mashine ya kukatia nyasi ikaguna kidogo, ikanyamaza.

"Mwanangu alipita tena jana jioni," mama mkwe akasema kutoka mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda na ndoo tupu miguuni, akilisubiri bomba la uani ambalo siku hizi lilitoa hewa tu. "Niliisikia mashine yake. Ile inayokohoa mara mbili kabla ya kuchanganya."

"Ni pikipiki za watu, mama."

"Kikohozi cha yule mtoto nimekilea mimi, na cha mashine yake nakijua. Usinifundishe kusikia."

Shemeji akaikaza plagi upya. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu mumewe azikwe, na mwenye huzuni haambiwi alichosikia. Yeye mwenyewe bado alimwachia marehemu upande wa ukutani kitandani, na asubuhi alijikuta amelala ukingoni kama mgeni.

Jina la Shemeji alipewa kazini. Mumewe alikuwa mkata nyasi kwenye bwawa la maji ya mji, na wenzake walimhesabu ndugu yao. Alipofariki, mkewe alichukua nafasi yake, nao wakaendelea kumwita shemeji, kana kwamba ndugu ametoka kidogo tu na atarudi. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye tuta, ukuta mrefu wa udongo unaozuia maji, wenye mteremko mkali ulioota nyasi. Nyasi zikirefuka wakaguzi hawazioni nyufa, kwa hiyo lazima zikatwe, na kila mkataji alikuwa na ukanda wake na mashine yake aliyojinunulia.

Mashine ya Shemeji ndiyo pekee iliyotoka kampuni. Ilikuja na rambirambi, ikiwa bado ndani ya boksi, na ile ya marehemu wakaichukua. Bwana mmoja wa ofisini alimwonyesha chuma chembamba kilicholala sambamba na mpini: ukikibana, kisu kinazunguka, ukikiachia, injini inazima papo hapo. "Ya kisasa hii, mama. Usalama mtupu," alisema, kisha akamwonyesha pa kuweka dole gumba kwenye karatasi, chini ya maneno yaliyosema kwamba marehemu alikufa kwa uzembe wake mwenyewe.

Uzembe wenyewe ulikuwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Mashine zote za tutani zina chuma kile, na zote hufungwa mpira ili chuma kikae kimebanwa kutwa nzima. Kwenye mteremko mtu hubadilisha mikono, hushika majani asianguke, hujifuta jasho, na injini ikizimika kila mara hawezi kumaliza. Msimamizi ndiye aliyewaambia, kwa mdomo wake, "Fungeni, bwana, tumalize." Siku mumewe alipoteleza, mashine haikuzimika. Ilimfuata mpaka chini.

Mvuto uliofuata, injini ikakubali. Alipohakikisha inawaka akaizima, akaisukuma hadi tutani, na huko ikamfanyia vituko vyake vya kila siku. Mvua zilikuwa zimenyesha mfululizo, nyasi zilifika kiunoni, nzito na mbichi. Petroli ilikuwa imepanda tena, na hiyo iliyopanda ilichanganywa mafuta ya taa vituoni bila aibu. Mashine za wengine zilikunywa kilichopatikana. Ya kwake ilikuwa na tumbo la kudeka, imetengenezwa kwa ajili ya bustani za watu wenye maua. Ilikata hatua chache, ikakabwa, ikafa.

Msimamizi alikuja amekunja mikono nyuma. "Shemeji, hapo unanyoa au unapapasa?"

"Inakabwa na umande, mkuu."

"Umande haujui kama wakaguzi wanakuja kesho. Ukanda huu ukibaki hivi jioni, nampa mtu mwingine. Pale getini wamejaa na mashine zao, wanaomba."

"Hii mashine mlinipa nyinyi."

"Tulikupa kwa wema. Wema ni wema, kazi ni kazi." Akapunguza sauti, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye wakubwa. "Nenda kwa fundi. Ana kuukuu moja yenye nguvu. Badilishaneni, urudi mchana, na mimi sijaona kitu."

Karakana ya fundi ilikuwa nyuma tu ya nyumba yao, ng'ambo ya mtaro. Fundi aliipokea mashine mpya kwa macho kabla ya mikono. Aliizunguka, akaipigapiga mgongoni.

"Hii wenye bustani wataigombea. Mpya kwa kuukuu, shemeji, na hatudaiani. Mashine nitakayokupa inakula nyasi kama mbuzi aliyekata kamba."

Akaburuta kutoka uvunguni mwa meza mashine iliyopakwa rangi ya buluu, bado inanuka rangi. Akavuta kamba. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu ikachanganya, ikatulia na kunguruma.

Shemeji akakaa juu ya tairi lililokuwa karibu.

"Umeitoa wapi?"

"Vyuma chakavu tu, kampuni walikuwa wanauza..."

"Fundi. Umeitoa wapi?"

Fundi akaizima. Akachukua kitambaa na kuanza kufuta mikono ambayo haikuwa michafu sana. "Nilitaka mtu mwingine aichukue, kweli tena. Ndiyo maana nikaipaka rangi. Lakini wote wanaijua, hakuna anayeitaka."

"Mama anaisikia kila jioni. Mimi namwambia ni pikipiki."

"Jioni ndipo ninapoijaribu," fundi akasema, na hakumtazama.

Shemeji aliichukia mashine ile kama mtu anavyomchukia mtu. Hapo hapo alitamani kuushika mpini, kwa kuwa rangi ya buluu haikufika kote, na pale viganja vya mumewe vilipokuwa vikikaa chuma kilikuwa laini, kinang'aa. Mpira wa tyubu ulikuwa bado umefungwa. Fundi alikuwa ameupaka rangi juu yake.

Alifikiri. Mashine mpya isingemuua, lakini isingemlisha. Akirudi nayo, jioni ukanda ni wa mtu mwingine, na kesho yeye ni mmoja wa wale wa getini, tena asiye na mashine ya kufaa. Nyumbani kulikuwa na mama mkwe aliyempoteza mwana na kubaki na mkwe, wala hakuwahi kumwambia arudi kwao. Hii ya buluu ingewalisha wote wawili. Ilikuwa imewalisha miaka yote, mpaka siku nayo ilipokula mtu.

"Nikukatie huo mpira?" fundi akauliza. "Mimi napenda kuukata, ila jioni itakukuta katikati ya tuta."

Shemeji akaushika mpini.

"Uache," akasema.

Akaisukuma ikiwa imezimwa ili isisikike, lakini gurudumu moja lilikuwa na mlio wake, na mama mkwe alishatoka hadi njiani. Akaweka kiganja juu ya mpini, pale penye chuma laini.

"Pikipiki, eti," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Na sasa ni zamu yako kupanda nayo?"

"Nakwenda kazini, mama."

Mama mkwe akaondoa mkono. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, akarudi kukaa kando ya ndoo yake.

Tutani mashine zilikuwa zikinguruma kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Shemeji akapanda hadi kwenye ukanda wake, akaielekeza mashine kwenye nyasi, akaweka mguu imara kama alivyowahi kumwona mumewe akifanya. Akaogopa, akavuta kamba.

Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikachanganya.

Mkataji wa ukanda wa jirani aligeuza shingo. Alimtazama Shemeji, akaitazama mashine, akaufikia mpira wake na kuuvuta, injini yake ikazimika. Aliyemfuata akazima. Wa tatu akavua kofia kwanza, halafu naye akazima, na kimya kikaenda hivyo ukanda kwa ukanda bila mtu kumwambia mwenzake neno. Mwisho ikabaki ile ya buluu peke yake. Shemeji hakuweza kuivumilia. Akainama, akachomoa waya wa plagi.

Maji yalisikika yakipiga upande wa pili wa ukuta. Mchana wa kazi hayakuwahi kusikika isipokuwa mara moja tu, siku mumewe alipoteleza, walipozima wote kwa pamoja na kukimbilia chini.

Mlango wa ofisi ukajibamiza. Msimamizi alikuja mbio bila kofia, shati limetoka kwenye suruali, uso umesawijika. Hakuwatazama waliosimama. Macho yake yalikuwa chini ya mteremko, yakitafuta kwenye nyasi.

"Nani?" alipiga kelele. "Jamani, nani ameumia?"

Shemeji akauzungusha mwisho wa kamba ya kuwashia kwenye ngumi yake.

"Bado, mkuu," akamwambia.