Kichwa "Propre" cha Odile

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, Zéphirin, na wembe nilikuwa nao mfukoni.

Watafiti walikuwa wamefungua chumba hapa mtaani kwetu Kasuku, wakipima kwa mashini vichwa vya watu waliobeba huzuni ya miaka. Shemeji yangu Odile alijiandikisha mwenyewe. Karatasi ya maagizo ilisema aje na kichwa "propre". Kwa vinyozi wetu, propre ni upara unaong'aa. Nikafurahi kuliko mgonjwa.

Maana tangu mwaka 2002, askari walipomchukua kaka yangu Bruno, mumewe, akitoka Lokandu, asionekane tena, Odile amekataa kunyolewa. Katika ukoo wetu, mjane asiponyolewa matanga hayaishi, na marehemu hajawa marehemu. Wazee wamemsihi, wamemtukana. Yeye anasuka tu.

"Shemeji, leo mashini njo imesema unyolewe," nikamwambia mlangoni pa watafiti, nikitoa wembe. "Si miye."

Divine, muuguzi wa watafiti, alicheka hadi akashika ukuta. "Papa! Propre ni kusema aoshe, asipake mafuta. Hapa hatunyoe mutu."

Akazigawanya nywele za Odile, akatia jeli, akamvika kofia yenye nyaya chungu nzima. Kwenye kioo cha mashini mistari ikaanza kutetemeka.

"Tunaangalia vile sehemu za ubongo zinaongea pamoja," Divine akaeleza. "Kwa wenye huzuni kubwa, mara nyingi zinaongea tofauti. Lakini tunalinganisha watu wengi. Hatuhukumu mutu mumoja."

Hilo la mwisho masikio yangu yaliliruka. Aibu ya wembe ilikuwa inaniwasha, lazima nishinde kitu.

"Umesikia, shemeji? Ubongo yako haina reseau, kama simu ya porini! Miaka zaidi ya makumi mbili unaamua na kichwa yenye haishike reseau. Acha tunyoe, tulie Bruno, tumalize."

Odile hakugeuka, Divine alikuwa amemkataza kutikisika. "Kulia ninalia kila siku. Huzuni iko yangu, njo maana nimekuja kuipimisha. Nilikatala tu kuzika mutu mwenye sijaona."

"Lakini mashini..."

"Shemeji, kama weye njo uko na reseau ya muzuri, pigia Bruno simu. Akikuambia amekufa, wembe nitaushika mimi mwenyewe."